Kiraka cha Kaniki

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena duniani. Nimeona fuso langu likizama kwenye matope ya mbugani hadi milango ikagoma kufunguka, nikalitoa, na mzigo ukafika. Nimeona bei ya mpunga ikianguka wakati ghala langu limejaa hadi mlangoni, nikakaa kimya, nikangoja, nikauza kwa faida. Shule niliishia darasa la nne, na leo wenye vyeti wananiamkia na kunipigia simu niwapakilie mizigo yao. Ulizeni Usevya, ulizeni Mamba, ulizeni Mpanda mjini pale wanaposhusha mchele: nani ana mashine mbili za kukoboa na magari yake mwenyewe? Mtaambiwa Tano. Ndilo jina langu, na limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye paji la kila gari. Watu wanadhani maana yake nina magari matano. Ninayo matatu. Sijawahi kuwasahihisha.

Mama yangu alipofariki nilimzika kwa heshima ambayo kijiji chetu hakikuwa kimeiona. Maturubai ya kukodi, ng'ombe wawili, wali wa watu wote mpaka wapita njia. Sikutikisika. Watu walipoanua matanga nikaingia mwenyewe chumbani kwake kutoa vitu, nikafungua sanduku lake la bati. Juu kabisa lilikuwa limekunjwa blanketi langu la viraka, la utotoni, na harufu yake ikanifikia kabla mkono haujaligusa. Moshi wa kuni. Samli. Na kitu kama gunia lililonyeshewa likaanikwa. Nikatoka nje. Nikawasha gari, nikazima. Nikazunguka nyumba, nikarudi, nikazunguka tena. Kijana wangu mmoja wa mashineni akaniuliza, "Bosi, vipi?" Nikamwambia nakagua mipaka ya kiwanja.

Nyie wa rika langu mnayajua mablanketi yale. Chini gunia la unga, yale ya kitambaa, lililofuliwa mpaka likalainika. Katikati blanketi kuukuu lililokwisha manyoya. Juu viraka, kimoja ubavuni mwa kingine, na mshono unapita tabaka zote tatu. Wengi walishona hivyo kwa sababu hawakuwa na hela ya blanketi jipya. Mama yangu na wenzake walianzia hapo, ila waliendelea hata pale ambapo hapakuwa na shida ya blanketi. Walishona kwa sababu walipenda kushona pamoja. Mavuno yakishaingia kwenye vihenge, kila Jumapili baada ya ibada, mama alitandika mkeka upande wenye kivuli wa nyumba, akaweka sufuria ya karanga za kuchemsha katikati, na wenzake wakaja na mafurushi kwapani.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Mama Skola, mke wa katekista, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Wa mwisho alikuwa Mayu Kabula, kwa sababu alitoka mbali. Huyu alikuwa Msukuma, amehamia na mumewe na ng'ombe zao kutoka kaskazini, wakajenga upande wa pili wa mbuga. Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, na sisi tukaliacha liwe jina lake. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa kwa samli, na alijifunga kaniki, kile kitambaa cheusi tii. Wengine walikuja na kuacha, lakini hao watatu, mama yangu na Mama Skola na Mayu, hawakukosa.

Walikuwa na sharti lao moja, na walilishika kuliko mfungo: kiraka hakinunuliwi. Kinaombwa, na lazima kitoke kwenye nguo ambayo mtu ameivaa. Mabaki ya kwa fundi cherehani hawakuyataka. "Hayo hayajakaa na mtu," mama alisema. Kwa hiyo kila blanketi lilikuwa na watu ndani yake, na walipolishona waliwasema watu hao.

"Mama Skola, hiki kiraka chako kinanuka pombe."

"Si gauni la harusi ya mdogo wako hilo? Kinanuka furaha."

"Furaha gani, na ulikaa juu ya chungu."

"Nilikaa kwa sababu kiti alikikalia shemeji yako, tena na mkewe mapajani."

Wakacheka mpaka sindano zikapotea kwenye mkeka, na kazi ikawa kuzitafuta. Mama yangu nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Pale mkekani alikuwa mwingine. Alipanga viraka, akarudi nyuma, akakunja shingo kama kuku anayetazama mwewe, akabadilisha kimoja, akapiga kofi la furaha peke yake. Nilipokuja kuwa na hela nilimwambia, mama, mjini kuna watu watanunua hivi vitu, nakuletea cherehani tatu na wasichana wa kazi. Akanitazama kwa huruma. "Wewe uza mpunga, mwanangu. Hii ni raha yangu. Haiingii kwenye debe."

Sasa blanketi langu. Kabla yangu mama alizaa wawili, na wote wawili wakafa wakiwa wachanga. Nilipozaliwa mimi, wanawake wale walifanya kitu ambacho padri hakuambiwa. Mama aliniweka kwenye ungo mlangoni. Mayu Kabula akaja kama mtu anayepita kutafuta kuku wa kununua, akanigeuzageuza, akanitia kasoro, akabishana bei, akatoa shilingi tano, akanichukua. Jioni akanirudisha na kumwambia mama, "Ninyonyeshee mtoto wangu." Maana yake ni kwamba kifo kikija kumtafuta mtoto wa mama yangu kikute hana mtoto. Kuna mtoto wa Msukuma tu, analelewa pale. Kisha mama akapita nyumba kwa nyumba mikono mitupu, akaomba viraka, wakanishonea blanketi. Kiraka cha Mayu kilikuwa cheusi, kwenye kona ya kichwani, na nyuma yake mama alishonea ile sarafu ya shilingi tano, ya zamani yenye pembepembe. Hakutaka kuila.

Hayo nimeyajua nikiwa mtu mzima. Mtoto haelezwi. Mtoto anasikia Mama Skola akiingia uani na kuita, "Tano, mwenye mali yako hajafika?" Anasikia Mayu akimshika shingo na kusema, "Huyu akikomaa nampeleka machungani," na wanawake wote wanacheka, na mama yake mwenyewe anacheka. Mimi sikucheka. Nilichoelewa ni kwamba nimeuzwa, kwamba mama alikuwa na shida ya hela, na kwamba mwenyewe atakuja kuchukua mzigo wake siku yoyote. Nililala nikiipapasa ile sarafu ndani ya kona na kuona kwamba hiyo ndiyo mimi, iko pale, imeshonewa. Nikaenda gulioni kuuliza bei ya kuku. Nikarudi nyumbani na aibu. Kuku alinizidi.

Na sikukaa kitako. Walimu walinichapa kwa sababu nilisimama katikati ya somo nikaenda dirishani kutazama njia ya mbugani. Nikiona kaniki kwa mbali, miguu inawasha. Cha ajabu, akifika, nilikuwa wa kwanza kumkimbilia, maana alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando na kunipa mimi kabla ya wote. Alinipangusa mdomo kwa kona ya kaniki yake. Nilimwogopa na kumpenda katika dakika ileile, na moyo wa mtoto haujui pa kuyaweka mawili hayo.

Kisha ukaja msimu ambao ng'ombe waliingia kwenye majaruba. Si ng'ombe wa Mayu peke yao, ni makundi kadhaa, lakini wa mumewe walikuwamo, na mpunga wetu ulikuwa umebakiza wiki kuvunwa. Wakaula na kuukanyaga. Wanaume wakakutana, maneno yakawa makali, fimbo zikanyanyuliwa na kushushwa. Mwisho mume wa Mayu akasema anahama, aende porini zaidi ambako hakuna jaruba la mtu.

Baba yangu alifurahi. Kesho yake, na haikuwa Jumapili, mama akatandika mkeka. Mama Skola akaja. Wakaanza blanketi jipya, na safari hii bila mzaha mwingi, mbiombio, sindano zikipita kama zinakimbizwa. Kila mmoja alikata kiraka kwenye nguo aliyoivaa mwilini palepale. Mama Skola akakata pindo la gauni lake duara zima.

"Katekista leo ataliona goti," alisema.

"Aliliona mara ya mwisho lini?" mama akauliza.

"Alipokuwa bado mwanakwaya."

Wakacheka kidogo, kisha nikaona mama anapangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye sindano. Mama alikuwa amekata kitenge chake cha kijani, cha Pasaka, kile ambacho hata kukikalia hakutaka.

Baba akatoka ndani. "Unawashonea watu waliotulisha njaa?"

"Mpunga umeliwa na ng'ombe," mama akasema bila kuinua kichwa. "Mayu hajala."

"Ng'ombe ni za nani?"

"Za mumewe. Nenda kamshonee wewe mumewe."

Baba akaondoka akisonya. Mimi nikasogea. "Mama, hili blanketi la nani?"

"La safari."

"Safari ya nani?"

"Tano, nenda kachote maji."

Hapo nikajua. Jipya, refu kuliko langu, linashonwa kwa haraka, la safari, na siambiwi. Lilikuwa langu. Wanahama na mimi. Siku zile sikula vizuri. Nilitembea. Nilizunguka kisimani, nikazunguka kanisani, nikaenda mpaka ukingo wa mbuga nikatazama moshi wa kwa Mayu, nikarudi mbio kuhakikisha mama bado yupo. Nilimkuta kila mara ameinamia mshono, na kila mara viraka vimeongezeka.

Asubuhi ya kuondoka kwao niliamka nikasikia kengele za ng'ombe zinakuja upande wetu. Nikapanda kwenye kihenge, nikasukuma kifuniko, nikajitumbukiza ndani. Mavuno yaliyookolewa yalikuwa machache, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Vumbi la mpunga likanijaa puani na shingoni, linawasha kama upupu, nikajikaza. Nikasikia mkokoteni unasimama. Nikasikia wanawake wanasalimiana, kisha mtu anapenga kamasi. Kisha sauti ya Mayu.

"Mali yangu iko wapi?"

Mama akasema, "Imejificha. Nimeiona miguu ikiingia kwenye kihenge."

Nikafumba macho. Nilingoja kifuniko kifunguliwe. Nilikuwa nimeshaamua nitang'ata.

"Basi iacheni," Mayu akasema. "Nilishieni vizuri."

Wakacheka, sauti zao zimelowa. Magurudumu yakalia. Kengele zikaanza kwenda, zikaenda, zikapungua.

Mnajua nilifanya nini? Nilitoka mle kama panya aliyemwagiwa maji nikakimbia kuwafuata. Nilikimbia mpaka pale njia inapokata majani marefu, na palikuwa na vumbi tu na samadi mbichi. Blanketi jipya nililiona kwa mbali, limetandikwa juu ya mkokoteni, na Mayu amekaa juu yake. Hakugeuka. Nikalia mpaka nikatapika. Mama aliponikuta alidhani nalia kwa kuwa sikuaga. Sikumwambia. Ningemwambiaje? Mama yangu ameniuza, na aliyeninunua ameona kunisafirisha na ng'ombe ni gharama ya bure.

Tangu siku ile sijakaa mahali. Niliacha shule, nikabeba magunia, nikawa utingo, nikanunua gunia moja, nikanunua mawili. Watu wanaita juhudi, na mimi huwa sibishi. Mama aliendelea na mkeka wake miaka yote, na nafasi ya Mayu waliiacha wazi. Hata mtu mpya akija walimkalisha pengine.

Basi siku ile ya kufungua sanduku nikalitia blanketi kwenye gari. Kiraka cheusi kilikuwa kimeliwa na wakati, nyuzi zimebaki kama wavu, na sarafu ilionekana kwa ndani. Sikuigusa. Nikaenda mnadani kuwauliza wachuuzi wa ng'ombe juu ya mama mmoja wa Kisukuma, mrefu, anashona viraka. Wa pili kuulizwa hakufikiri hata kidogo. "Si yule bibi wa Ugalla? Ukipita vijiji vya warina asali, nyumba ya bati upande wa kushoto." Nikamwambia haiwezekani. Njia ile magari yangu yanapita tangu nilipopata la kwanza. Nyumba ya bati ile naijua. Nimewahi kusimama mbele yake kubadilisha tairi.

Nilikwenda na sukari, mchele daraja la kwanza, na doti mbili za vitenge. Nikawakuta barazani wanawake wanne na mkeka na sufuria ya karanga. Yeye alikuwa ameketi katikati, amepungua, kaniki ileile kiunoni. Hakusimama.

"Mayu, shikamoo."

"Marahaba. Leo umekuja na lipi? Lile la taa iliyopasuka au lile jipya?"

Nilisema mwanzoni kwamba hakuna cha kunishangaza. Nafuta kauli. Nilishika nguzo ya baraza.

"Unayajua magari yangu?"

"Si yanapita hapa. Kila likipita nawaambia hawa, mali yangu hiyo, inakwenda mbio. Hawaamini."

"Tulidhani bibi anazeeka vibaya," akasema mwanamke mmoja, akanikagua kuanzia viatu.

Nikamwambia, "Mama amefariki." Sindano yake ikasimama katikati ya kitambaa. Akaiweka chini. Akamtuma binti ndani, likaletwa blanketi, lile la safari, limechakaa, limeshonewa tena na tena. Akalifunua taratibu mpaka kwenye kitenge cha kijani. Rangi ilikuwa imekwisha, ilibaki kama maji ya mchicha. Akaweka kiganja juu yake akakaa hivyo, na wale wanawake wakaacha kushona.

Baadaye nikamuuliza lile la kihenge. "Kwa nini hukunichukua? Na miaka yote hii, kwa nini hukunisimamisha barabarani?"

"Nikuchukue nikupeleke wapi bila mama yako? Wewe nilikununua ubaki." Akacheka kidogo. "Na mnunuzi hafuati, Tano. Aliyeuza ndiye anakuja kukomboa mtoto akishaota ndevu. Nilimtumia mama yako salamu: njoo umchukue wako. Akajibu, muache hivyohivyo. Ulipooa nikatuma tena. Akajibu, hivyohivyo."

"Kwa nini?"

"Alizika wawili wakiwa wake. Wewe ulikuwa wangu, ukaishi. Ungekuwa yeye ungejaribu?"

Nikasimama, nikatembea mpaka kwenye gari, nikarudi. Nikatembea tena. Yule mwanamke wa viatu akasema, "Huyu ana upupu?" Mayu akamjibu, "Yuko hivyo tangu kwenye ungo."

"Sasa wa kunikomboa hayupo," nikasema. "Nitajikomboa mwenyewe. Taja ng'ombe. Kumi, kumi na tano, kesho nakushushia hapa."

"Nilitoa ng'ombe mimi?"

"Basi hela. Sema."

"Lete blanketi."

Akafumua mwenyewe kona ile kwa ncha ya sindano. Sarafu ikadondoka mkekani, nyeusi kama kiraka chenyewe. Akainyooshea kidole. Nikaiokota nikampa kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kaniki yake, akapiga fundo, akalikaza kwa meno.

"Umekuwa wa mama yako," akasema. "Sasa kuna tundu. Omba kiraka."

Mimi siombi watu, wanaonijua wanalijua hilo. Nikageukia vile vitenge nilivyoleta, akatikisa kichwa. Wanawake wakaningojea. Nikakaa chini kwenye mkeka, suruali ya safari na yote, nikanyoosha mikono mitupu.

"Naomba kiraka, Mayu."

Akakata kwenye kaniki aliyoivaa, akanitungia uzi, akanipa sindano. Nilishona mwenyewe. "Bosi anafunga gunia la mpunga," wakasema, na walisema kweli, kwa kuwa mshono mwingine siujui. Simu ikaita mfukoni, mashineni wananitafuta, na mkono mmoja ulikuwa na sindano na mwingine na kaniki. Ikaita mpaka ikachoka.

Nimepiga hesabu ya safari ile kama ninavyopiga ya safari zote. Mafuta siyahesabu, maana nilirudi na asali ya watu. Sukari tuliinywa pamoja, vikombe vitatu vyangu. Mchele na vitenge vilikuwa zawadi. Uzi ulikuwa wao, na kiraka hakinunuliwi. Kwa hiyo mkisikia Tano kajikomboa kwa bei gani, msidanganywe na mtu: shilingi tano.